Edison: Aliyeingiza mwanga wa stima nyumbani na kukutana na hatari zake

HERUFI moja iliyochapishwa kwenye pakiti za balbu zinazouzwa madukani Nyeri, Karatina na Nanyuki ni kumbukumbu ya mtu aliyeaga dunia mwaka wa 1931.

Balbu ya skrubu huandikwa E27. Tarakimu hizo ni upana wa kitako chake kwa milimita, nayo herufi E ni ya Thomas Alva Edison, mvumbuzi wa Marekani ambaye karakana yake ndiyo iliyobuni kitako cha aina hiyo.

Wengi humkumbuka kama mtu aliyewasha taa. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuizuia taa hiyo isiunguze nyumba, na kwamba mmoja wa wasaidizi wake wa karibu alipoteza maisha katika utafiti wa mwanga.

Edison alizaliwa Februari 11, 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, akalelewa Port Huron, Michigan. Shuleni alikaa kwa muda mfupi tu. Mamaye, Nancy, ambaye aliwahi kuwa mwalimu, ndiye aliyemfundisha nyumbani.

Angali mvulana, aliuza magazeti na peremende ndani ya treni. Masikio yake yalianza kuwa mazito tangu utotoni, na uziwi huo ulimwandama hadi kaburini. Baadaye alijifunza kazi ya telegrafu, na huko ndiko alikofahamiana na umeme.

Hataza yake ya kwanza, ya mwaka wa 1869, ilikuwa ya mashine ya kurekodi kura za wabunge. Wanasiasa hawakuitaka. Tangu hapo aliazimia kushughulikia tu vitu ambavyo watu wangevinunua.

Mwaka wa 1876 alifungua maabara Menlo Park, New Jersey, na mwaka uliofuata akatengeneza mashine ya kunasa sauti iliyomfanya kuwa maarufu. Kisha akageukia taa.

Hakuwa wa kwanza kuunda balbu. Joseph Swan wa Uingereza, miongoni mwa wengine, alikuwa akiishughulikia kazi hiyo hiyo. Lakini Oktoba 1879, uzi wa pamba uliochomwa hadi ukawa kaa na kutiwa ndani ya glasi isiyo na hewa uliwaka kwa zaidi ya saa 13 katika maabara ya Edison. Baadaye alitumia mwanzi, na balbu zikadumu zaidi ya saa 1,000.

Edison alitambua kuwa balbu pekee haina faida. Alihitaji mitambo, waya za kupita chini ya barabara, mita, swichi, na fyuzi ambayo ingeyeyuka na kukata umeme kabla ya waya kushika moto. Septemba 4, 1882 aliwasha kituo chake cha Pearl Street jijini New York.

Mwezi huo huo, mjini Appleton, jimbo la Wisconsin, mitambo ya mfumo wake ilianza kuendeshwa kwa nguvu za maji ya mto. Ndivyo maji yanayoteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua kuingia mto Tana yanavyoendesha vituo vya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere.

Mwanzo huo haukukosa misukosuko. Tajiri J. P. Morgan, mmoja wa wafadhili wa Edison, alitiliwa stima katika jumba lake la New York. Hitilafu katika waya wa taa ya mezani ikazua moto maktabani, ukaunguza meza na zulia. Morgan hakuikataa stima, alitaka irekebishwe. Familia ya Vanderbilt nayo ilishuhudia waya zikigusana na kuzua moto ukutani, na mama mwenye nyumba akaamuru mitambo yote iondolewe.

Edison hakuwa malaika. Wapinzani wake, wakiongozwa na George Westinghouse, walipoanza kuuza umeme wa mkondo geu, alitangaza kwamba ulikuwa hatari, na kambi yake ikawaua wanyama kwa umeme ili kuwatisha watu. Hofu ya kweli ilichanganyika na maslahi ya biashara. Mkondo geu ulishinda, nao ndio unaoingia katika nyumba za Kenya hadi leo.

Somo chungu zaidi lilikuja baada ya miali ya eksirei kugunduliwa mwaka wa 1895. Mwaka wa 1896 Edison alijaribu kuunda taa ya floresenti, ambayo miali hiyo iliupiga unga uliopakwa ndani ya glasi nao ukang'aa. Msaidizi wake, Clarence Dally, ndiye aliyekuwa akiziweka mashine na mikono yake mbele ya miali.

Mikono ya Dally ilianza kuwa na vidonda visivyopona. Madaktari walimkata mkono mmoja, kisha wa pili, na mwaka wa 1904 akafariki. Edison aliiacha kazi ya eksirei.

Wengine waliendeleza taa za floresenti kwa njia tofauti, wakitumia mvuke wa zebaki. Mwaka wa 1938 General Electric, kampuni iliyotokana na muungano wa mwaka wa 1892 uliohusisha biashara ya Edison, ilianza kuuza mirija mirefu. Kufikia miaka ya 1980 mirija hiyo ilikuwa imekunjwa ikawa balbu ya kuokoa stima. Mwaka wa 2010 Kenya ilisambaza bure zaidi ya balbu milioni moja za aina hiyo ili kupunguza mzigo wa matumizi nyakati za jioni.

Balbu ya Edison iligeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Balbu ya kuokoa stima ya takriban wati 14 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Hata hivyo, ina masharti yake.

Taa izimwe na kuchomolewa kabla ya balbu kubadilishwa. Balbu ishikwe kwenye kitako cha plastiki, si kwenye mrija wa glasi. Ya pini isilazimishwe katika kishikilio cha skrubu. Wati zake halisi zisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye taa. Isifungiwe ndani ya kifuniko kisichopitisha hewa, wala kutumiwa na swichi ya kupunguza mwanga, ila pakiti ikiruhusu. Ikianza kumetameta au kunuka, iondolewe.

Ikivunjika, watoto waondoke chumbani na madirisha yafunguliwe kwa dakika 10 hadi 15, hata kama ni Julai na baridi ya Nyeri inauma. Vipande vizolewe kwa karatasi ngumu, si kwa ufagio wala mashine ya kufyonza vumbi, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Vyote vitiwe ndani ya chupa yenye kifuniko, visichomwe katika shimo la takataka, kwa sababu zebaki hugeuka mvuke.

Balbu za LED, ambazo hazina zebaki, sasa zinachukua nafasi hiyo. Mwaka wa 2022 mataifa ya Mkataba wa Minamata yalikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya balbu nyingi za floresenti za nyumbani kufikia 2025. Lakini zilizobaki dari na kabatini bado zinahitaji uangalifu.

Edison alifariki Oktoba 18, 1931 huko West Orange, New Jersey, akiwa na umri wa miaka 84 na hataza 1,093 za Marekani. Usiku wa mazishi yake, Wamarekani walizima taa kwa dakika moja, kisha wakaziwasha tena.