Mekatilili na msitu alimolala

Ndugu zangu wa Pwani, kila nipitapo Malindi kwenye bustani yenye jina la Mekatilili wa Menza, huitazama sanamu yake nikajiuliza kama kweli twakumbuka alichopigania.

Alizaliwa karne ya 19 huko Ganze, akaitwa Mnyazi. Jina la Mekatilili, yaani mama Katilili, alilipata baada ya kujifungua. Alikuwa mjane mtu mzima Waingereza walipowajia Wagiriama wakitaka kodi ya nyumba na vijana wa kuwafanyia kazi. Cheo hakuwa nacho, bunduki hakuwa nayo. Mwaka 1913 aliwakusanya watu Kaya Fungo, msitu wao mtakatifu, wakala viapo: wanawake mukushekushe, wanaume fisi. Tangu hapo serikali ikakosa kodi, ikakosa na wafanyakazi.

Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa mbali, magharibi mwa nchi. Mapema 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Agosti serikali ikailipua kaya kwa baruti, vita vikazuka, nyumba zikateketezwa. Mekatilili akakamatwa tena. Baadaye alirudi kwao, akafariki miaka ya 1920. Kaburi lake liko Bungale, Magarini, katika msitu wa Dakatcha.

Kaya Fungo ingalipo. Tangu 2008 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Haikuokolewa na ua wala askari, bali na miiko: mti haukatwi ovyo, na wazee ndio wenye neno.

Dakatcha haina kinga kama hiyo. Humo hutaga ndege mdogo wa manjano asiyepatikana popote duniani ila Kilifi, na wako wenyeji wanaojitolea kuilinda na kupanda miche. Lakini nilipokwenda Bungale, njia nzima nilipishana na magunia ya makaa. Nilitaka kuwalaumu wakataji, nikakumbuka jiko langu. Makaa yale safari yake huishia mijini, kwetu sisi.

Bibi yule aliwafunga watu wake kwa kiapo, na hakuna aliyewasimamia kwa kiboko. Nami changu nimeshakula: gunia nisilojua limetoka msitu gani, haliingii tena nyumbani kwangu.