Tharia Topan: Tajiri wa Zanzibar aliyewekeza katika safari za watu wengine

Mama mfinyanzi wa Ikombe anapopakia vyungu kwenye mtumbwi kwenda gulio la Lyulilo, kule Matema, mtaji wake wote umo ndani ya chombo. Ziwa likichafuka, hasara ni yake peke yake. Je, yupo mtu anayeweza kutoa mali kwa kazi ambayo bado haijazaa, akakubali kubeba hatari pamoja na mwenye kazi?

Siku hizi vijana wanaomaliza vyuo vya biashara wanaitafuta ajira ya namna hiyo, yaani kuwekeza katika kampuni changa. Lakini kazi yenyewe si ngeni kwetu. Katika karne ya 19, Zanzibar ilikuwa na bingwa wake, Tharia Topan.

Chuo chake kilikuwa dukani

Topan alizaliwa mwaka 1823 huko Kutch, magharibi mwa India, katika familia ya Makhoja. Alifika Zanzibar akiwa kijana mdogo asiye na kitu. Alipata kazi katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ambayo kwa miaka mingi ilikodi ushuru wa forodha kutoka kwa Sultani. Humo ndimo alimojifunza hesabu, bei za pembe za ndovu na, zaidi ya yote, tabia za wadaiwa.

Kutoka kibarua alipanda hadi akawa mfanyabiashara anayejitegemea, akishirikiana pia na wafanyabiashara wa Marekani. Mwaka 1876, chini ya Sultani Barghash, forodha ya Zanzibar ikawa mikononi mwake.

Mkopo wa msafara

Msafara wa kwenda bara ulihitaji mali nyingi kabla ya kuingiza hata senti moja: merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Wakuu wengi wa misafara hawakuwa na uwezo huo. Topan aliwapa bidhaa kwa mkopo, nao wakaahidi kulipa kwa pembe watakaporudi. Hakuwa mbia kama wawekezaji wa leo wanaonunua hisa. Faida yake ilikuwa ndani ya bei ya bidhaa. Hata hivyo, msafara ukiangamia kwa vita au maradhi, hakukuwa na nyumba wala shamba la kukamata lenye thamani ya deni lote.

Mdaiwa wake maarufu alikuwa Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip. Safari yake kubwa ya kuingia Kongo ilianza karibu mwaka 1870, naye hakurudi Zanzibar hadi 1882. Mkopeshaji alisubiri miaka 12 hivi. Kwa hiyo, kabla ya kufungua ghala, Topan ilimbidi ampime mtu: ni nani, ndugu zake ni akina nani, aliwahi kulipa madeni yapi.

Upande wa pili wa faida

Topan alipata utajiri mkubwa, akawa mshauri wa Barghash, na Malkia Victoria wa Uingereza akampa cheo cha Sir. Lakini Tippu Tip hakuuza pembe tu. Aliuza na watu. Bunduki zilizotoka pwani kwa mkopo zilifika vijijini zikiwa na wenyewe.

Sisi wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa tunaijua biashara hiyo. Mwaka 1887, ng'ambo ya mto Songwe, Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejijenga Karonga, aliwashambulia Wangonde, ndugu wa karibu wa Wanyakyusa. Wengi waliuawa, wengine wakatekwa.

Mwaka huohuo Topan aliweka jiwe la msingi la zahanati karibu na bandari ya Zanzibar. Alifariki mwaka 1891, na jengo lilikamilika mwaka 1894 bila yeye kuliona. Bado lipo Mji Mkongwe, na wageni hupiga picha roshani zake za mbao.

Kijana wa Kyela anayetaka kuifanya kazi hii ana mambo mawili ya kujifunza kwa Topan: kumjua mtu kabla ya kumpa mali, na kuwa na subira. Jambo la tatu, kuuliza mali hiyo itamfanyia nini mtu wa njiani, itabidi ajifunze kwa kosa la Topan.