MAISHA YA LEWIS CARROLL, MTU ALIYEPENDA KUTAFUTA MANENO



Siku hizi kuna mchezo umeingia katika bweni la wavulana. Mtu anataja herufi mbili ao tatu, na mwenzake anatafuta neno la Kiingereza lenye herufi zile, zikifuatana vile vile bila kuachana. Ukisema wsp, mwenzako atafikiri mpaka apate newspaper. Ukisema ckb, atatazama mbele ya darasa na kuona blackboard. Wengi wanaucheza lakini hawajui umetoka wapi. Kwa hiyo sisi kapita wa wanafunzi tumeona vizuri kuandika maisha ya mtu aliyeutunga.

Jina lake la kweli ni Charles Lutwidge Dodgson. Alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury, Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji. Nyumbani walikuwa watoto 11, wasichana 7 na wavulana 4, naye alikuwa wa tatu, tena mkubwa wa wavulana.  Charles mwenyewe ndiye aliyetunga michezo ya wadogo wake. Tena aliwaandikia magazeti ya nyumbani kwa mkono, hadithi na mashairi na picha, kusudi wacheke. Basi ninyi munaosoma karatasi hizi za stensili, mujue kwamba mtu huyu alianza sawa sisi.

Lakini alikuwa na shida moja, kigugumizi. Maneno yalijaa kichwani, yakakwama mdomoni. Mwaka 1846 wakamtuma katika shule ya bweni ya Rugby. Kwa masomo alifaulu sana, zaidi hesabu. Kwa maisha ya bweni aliteseka. Usiku wakubwa waliwasumbua wadogo, na nyuma ya miaka mingi alisema hatakubali kurudia miaka ile hata kwa faida gani.

Januari 1851 aliingia Christ Church, pale Oxford. Alikuwa na siku mbili tu pale, habari ikafika kwamba mama yake amekufa. Akarudi kuzika, kisha akarudi kusoma. Tangu 1855 mpaka 1881 alifundisha hesabu palepale. Mwaka 1856, akitafuta jina la kuandikia, alichukua majina yake mawili, akayageuza kwa Kilatini, akabadilisha nafasi zao, akayarudisha kwa Kiingereza. Ndipo likatoka jina Lewis Carroll. Muone namna alivyopenda kuchezesha maneno!

Tarehe 22 Desemba 1861 aliwekwa kuwa shemasi wa Kanisa la Uingereza. Hakuendelea mpaka upadri. Wengi wanafikiri kigugumizi kilikuwa sababu moja, maana kuhubiri mbele ya watu kulimuogopesha. Hata hivyo mara kwa mara alipanda mimbarani.

Tarehe 4 Julai 1862 alipanda mashua katika mto Thames pamoja na rafiki mmoja na watoto wasichana watatu wa mkubwa wa Christ Church. Njiani akawatungia hadithi ya msichana aliyeingia katika shimo la sungura. Mtoto wa katikati, Alice Liddell, wa miaka 10, akamuomba aiandike. Akaiandika kwa mkono, na kitabu kikachapwa mwaka 1865. Leo kinasomwa katika lugha nyingi sana. Hata katika Kiswahili kilitokea mwaka 1940.

Turudi kwa michezo yake. Siku ya Krismasi 1877 aliwatungia wasichana wawili mchezo wa kugeuza neno kuwa neno lingine, ukibadilisha herufi moja tu kila mara. Mfano wake, kichwa kiwe mkia: head, heal, teal, tell, tall, tail. Mwaka 1879 gazeti moja la London lilianza kuuchapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 akatoa ule mwingine, akauita Mischmasch, jina la gazeti moja la zamani la nyumbani kwao. Zile herufi za kuanzia aliziita kiini. Kiini gp kinatoa magpie, ndege wa Ulaya mweusi na mweupe. Kiini emo kinatoa lemon, yaani ndimu. Kiini imse kinatoa himself. Majina ya watu na ya miji hayakubaliwi. Sisi bwenini tumeongeza sharti: usitoe kiini kama wewe mwenyewe hujui neno lake, maana huo si mchezo, ni kutesa mtu.

Alikufa tarehe 14 Januari 1898, nyumbani kwa dada zake katika mji wa Guildford, kwa ugonjwa wa mapafu. Zilibaki siku 13 tu atimize miaka 66. Daftari aliloandikia barua zake, zilizotoka na zilizoingia, lilifika namba 98.721.

Wapenzi, tuko na neno moja la mwisho, na si rahisi kuliandika. Mwaka huu mtoto mmoja wa darasa la kwanza alisoma Biblia mbele ya wote asubuhi. Anashikwa na kigugumizi. Viti vya nyuma vikacheka. Sisi tulikuwa katika viti vile. Kazi yetu ilikuwa kunyamazisha, na hatukunyamazisha. Wiki iliyofuata mtoto yule alikuja kutazama mchezo. Tukatoa kiini rkn, kusudi kishinde watu. Wakubwa wa darasa la sita wakakaa kimya. Yeye akachukua chaki, akaandika darkness, akatoka bila kusema kitu.

Tumemuomba msamaha. Sasa tunaomba ninyi wote: mtu akisimama kusoma na neno likakwama, tumungojee. Neno liko ndani yake, linatafuta njia tu.

Tunawatakia masomo mema.