Denis Burkitt na Ramani ya Saratani

Msafiri atokaye Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria, akapitia Rongo hadi Kisii na hatimaye Nyamira, hupanda mamia ya mita katika safari fupi. Joto hupungua, na mashamba ya migomba na majani chai hutanda vilimani. Tofauti hii ya nyanda, ambayo wenyeji huiona kuwa jambo la kawaida, ndiyo iliyokuwa ufunguo wa utafiti wa daktari Denis Burkitt. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mchango wake haukutokana na vyombo vya maabara, bali na swali sahili: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani?

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, kisha akageukia udaktari. Baada ya kuhudumu jeshini Afrika Mashariki wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alirejea mwaka 1946 kuwa daktari wa upasuaji nchini Uganda, kwanza Lira, halafu Mulago, Kampala.

Mnamo mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Majuma machache baadaye, akiwa hospitalini Jinja, Burkitt alimwona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Alipompima, akakuta uvimbe tumboni pia. Akaanza kushuku kwamba maradhi yaliyodhaniwa kuwa mbalimbali yalikuwa ugonjwa mmoja. Alipekua majalada ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha matokeo yake. Aliuita ugonjwa huo sakoma, lakini wanapatholojia wa Kampala walibainisha kuwa ni limfoma, yaani saratani ya chembe za limfu.

Burkitt alituma vikaratasi vyenye picha na maswali kwa hospitali nyingi barani. Majibu yalipotiwa ramanini, ukanda ulijitokeza katikati ya Afrika. Oktoba 1961, yeye na wenzake Edward Williams na Clifford Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu, wakasafiri takriban kilomita 16,000 na kuzuru hospitali zaidi ya 50. Ilidhihirika kwamba katika Afrika Mashariki ugonjwa huo ulikuwa nadra mahali palipozidi kimo cha mita 1,500 hivi. Miji ya Kisii na Nyamira iko juu ya mpaka huo. Fuo za ziwa ziko chini yake. Kwa hiyo watoto wa ukoo mmoja, mmoja akilelewa mlimani na mwingine ufuoni, hawakukabiliwa na hatari sawa.

Burkitt alidhani kwamba mbu ndiye aliyesambaza virusi vya saratani hiyo. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli nusu. Anthony Epstein, aliyemsikiliza akihutubu London mwezi Machi 1961, alipelekewa vipande vya uvimbe kutoka Uganda. Mwaka 1964, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza ugunduzi wa virusi, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Hata hivyo, virusi hivyo huenezwa kwa mate na viko kila mahali, mlimani na bondeni. Gilbert Dalldorf, aliyefanya utafiti Kenya, alielekeza jicho kwenye malaria. Mtoto wa ufuoni huugua malaria mara kwa mara, na kinga yake hushindwa kuvidhibiti virusi. Kwenye baridi ya mlimani, malaria huja kwa mikurupuko tu.

Wakati huohuo, kwa kuwa upasuaji uliumbua nyuso bila kuponya, na mitambo ya tiba ya mionzi haikuwapo Uganda, Burkitt alijaribu dawa. Baadhi ya watoto walipona kabisa, jambo lililowatia moyo watabibu wa saratani kwingineko.

Alirudi Uingereza mwaka 1966, akapata umaarufu wa pili kwa kutetea vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki Machi 1993.

Mwanafunzi wa lahaja huchora mipaka ya maneno kwa kuwasikiliza wasemaji mahali walipo. Burkitt alichora mipaka ya ugonjwa kwa njia iyo hiyo. Alikosea jina la ugonjwa na kazi ya mbu, lakini ramani yake ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyowawezesha wengine kuyasahihisha makosa yake.