John Whitney: Aliyegeuza mtambo wa vita kuongoza kamera

Mafundi wa Geita na Shinyanga wanaijua thamani ya chuma chakavu: makarasha mengi ya kusagia mawe ya dhahabu huundwa kwenye karakana za mitaani. Leo tunamtazama Mmarekani aliyetumia ujuzi wa aina hiyo kwenye filamu.

John Whitney alikuwa nani?

Alizaliwa mwaka 1917 huko Pasadena, California. Katika miaka ya 1940, yeye na mdogo wake James walitengeneza filamu fupi za maumbo yanayocheza. Hata sauti waliiunda wenyewe: pendeli za urefu tofauti ziliongoza mwanga uliochora sauti kwenye ukanda wa filamu. Kazi hiyo ilishinda tuzo nchini Ubelgiji mwaka 1949.

Mtambo aliupata wapi?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika kiwanda cha ndege cha Lockheed. Baada ya vita, jeshi liliuza vifaa lisivyovihitaji tena. Whitney alinunua mtambo wa M-5, ambao ulipiga hesabu ya mahali ndege ya adui itakapokuwa ili mzinga uielekee. Gia zilizokuwa zikiongoza mzinga, yeye akazifanya ziongoze meza ya michoro na kamera.

Kwa nini ulikuwa muhimu?

Filamu ya vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo hupigwa picha moja moja, kwa kawaida 24 kwa kila sekunde ya filamu. Tukisukuma kamera kwa mkono, hatua moja huwa ndefu na nyingine fupi, na mtazamaji huona mtikisiko. Gia husogeza kwa kipimo kilekile, kisha hurudi palepale zilipoanzia, hivyo picha nyingine inaweza kupigwa juu ya ile ya kwanza bila kupishana.

Mwaka 1958 Whitney alishirikiana na Saul Bass kwenye maumbo ya mzunguko yanayofungua filamu Vertigo. Mwaka 1961 alikusanya majaribio ya mtambo wake katika filamu Catalog. Sehemu za filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 nazo zilipigwa kwa kamera iliyorudia mwendo wake kwa vifaa vya elektroniki, iliyoundwa na mafundi wa filamu hiyo wenyewe.

Ametuachia nini?

Whitney alifariki Los Angeles mwaka 1995. Kijana mwenye simu, reli ya droo na skrubu ndefu anaweza kuanza leo: kila mzunguko mmoja wa skrubu husogeza simu umbali uleule. Kinachotakiwa ni hatua zinazolingana, na hizo hazihitaji mtambo wa bei kubwa.