Humphrey Bogart: Mcheza sinema aliyegeuka neno la mitaani

Nguo ya merikani iliingia pwani yetu na jina la nchi ilikotoka, na bibi zetu wakalitumia jina hilo dukani bila ya kuifikiria nchi yenyewe. Ndivyo lugha zilivyo. Hutwaa jina la mahali au la mtu, zikalifanya neno la kila siku. Leo, wasomaji wapenzi, nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja wa Marekani hiyo hiyo, ambaye jina la ukoo wake limekuwa neno la mitaani, na kwa maoni yangu alidhulumiwa.

Mtu huyo ni marehemu Humphrey Bogart. Alizaliwa mjini New York tarehe 25 Desemba, 1899. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, na mama yake, Maud Humphrey, alikuwa mchoraji mwenye sifa. Mwaka 1918 kijana alifukuzwa shuleni, akajiunga na jeshi la wanamaji. Alipotoka huko aliingia katika michezo ya jukwaani.

Riziki haikumjia kwa haraka. Hata alipofika katika sinema, kwa miaka mingi alipewa sehemu ya mtu mwovu, yule anayepigwa risasi kabla ya picha kwisha. Aliyemfungulia mlango ni Leslie Howard, aliyekuwa amecheza naye jukwaani mchezo wa The Petrified Forest. Mchezo huo ulipofanywa sinema mwaka 1936, Howard alishikilia kwamba yeye hatacheza bila ya Bogart. Howard alikufa mwaka 1943, lakini fadhila yake haikufa. Bogart alipopata binti mwaka 1952, alimwita Leslie.

Mwaka 1941 alikuwa stelingi wa The Maltese Falcon, na mwaka 1942 ikatoka Casablanca. Mji wa Casablanca uko Moroko, na Waarabu huuita Dar al-Baydaa, yaani Nyumba Nyeupe. Ila sinema hiyo ilipigwa California. Ndani yake Bogart ni mwenye mkahawa anayejitia kuwa hamjali mtu. Mwisho wake, hati za kusafiria ambazo zingemwokoa yeye anampa mwanamke anayempenda, aondoke salama na mumewe. Yeye anabaki nyuma.

Upande wetu wa Afrika alifika kweli. Mwaka 1951 alikwenda Kongo na Uganda kupiga The African Queen, hadithi ya vita vya 1914 katika Tanganyika ya Wajerumani. Joto lilikuwa kali na maradhi mengi. Mwenzake katika picha hiyo, Katharine Hepburn, aliugua sana. Kwa kazi hiyo Bogart alipata tuzo ya Oscar, ya kwanza na ya mwisho maishani mwake.

Sasa nije kwenye lile neno. Katika picha zake nyingi Bogart ana sigara, na mara nyingi huiacha midomoni hata anaposema. Miaka ya 1960, vijana wa Marekani waliokuwa wakipitishiana msokoto mmoja, na aghalabu ulikuwa wa bangi, walimwona yule anayeung'ang'ania bila ya kuwapa wenzake, na kitendo chake wakakiita bogart. Wimbo mmoja wa mwaka 1968, uliosikika mwaka uliofuata katika sinema ya Easy Rider, ulilieneza neno hilo mbali. Wengine walilitumia kwa maana ya ubabe. Siku hizi limo katika kamusi za Kiingereza, na mtu huweza kuambiwa hivyo kwa chakula, kwa kiti, kwa chochote anachokizuilia peke yake. Sisi tungesema uchoyo.

Hapo ndipo ninaposhangaa. Mtu aliyekumbuka wema wa rafiki hadi kumpa mwanawe jina lake, na ambaye picha yake mashuhuri kuliko zote ni ya mtu anayetoa alichonacho, ndiye aliyeachiwa neno la uchoyo. Kazi ya miaka zaidi ya thelathini ilipitwa na kijisigara.

Na sigara hiyo haikumwacha salama. Mwaka 1956 alipasuliwa kwa saratani ya umio, akadhoofika mno, na tarehe 14 Januari, 1957, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 57. Neno lenyewe hakuwahi kulisikia.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Ni kweli, lakini kwa Bogart naona kuna jambo la kuongeza. Mtu huchagua kazi yake, akaifanya kwa juhudi. Watu nao huchagua watakachomkumbukia, na pengine huokota kile alichokifanya bila ya kufikiri, kila siku, mbele ya macho yao. Basi tuzitazame sana zile tabia ndogo tunazodhani hazitazamwi na mtu.