Frederick Lugard: Askari Aliyegeuka Mtawala

Utangulizi

Tala, katika Kaunti ya Machakos, ni mji wa soko unaotazamana na Mlima Kilimambogo. Kusini yake uko mji wa Machakos, uliopata jina lake kutokana na Masaku, mtabiri mashuhuri wa Wakamba. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi hii ilikuwa ghala la misafara. Wapagazi waliotoka Mombasa walifika Machakos wakiwa wameivuka nyika yenye kiu, wakanunua chakula kwa Wakamba, kisha wakashika njia ya Ukikuyu na Uganda. Miongoni mwa waliopita hapo mwaka 1890 alikuwa kapteni wa Kiingereza aliyeitwa Frederick John Dealtry Lugard. Alipita kama mgeni aliyetumwa na kampuni ya biashara. Hata hivyo, fikra alizokuja kuziandika baadaye zilitawala mamilioni ya Waafrika, na athari yake haikukosekana hata katika taaluma ya lugha za Kiafrika.

Malezi na Uaskari

Lugard alizaliwa tarehe 22 Januari 1858 mjini Madras, India, ambako baba yake alikuwa kasisi. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo. Alilelewa na kusomeshwa Uingereza, akapitia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, na mwaka 1878 akawa afisa wa jeshi. Alipigana Afghanistan, Sudan na Burma, akatunukiwa nishani. Mwaka 1887 mapenzi yalimwendea kombo. Mwanamke aliyempenda alimwacha, naye kwa majonzi akayatupa mambo ya jeshini na kuja Afrika pasipo kazi maalumu. Mwaka 1888 aliongoza vita vya kampuni moja ya Kiingereza dhidi ya Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa huko Karonga, kando ya Ziwa Nyasa. Alijeruhiwa vibaya kwa risasi, lakini alipona.

Kutoka Sabaki hadi Buganda

Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilimwajiri mwaka 1889. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufungua njia mpya kutoka pwani hadi Machakos kwa kuufuata Mto Sabaki. Huko alikutana na watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao na kuanzisha makazi kama Fuladoyo. Lugard alibuni mpango wa watoro hao kujikomboa kwa ujira wa kazi zao. Mpango huu unaonyesha sura mbili za tabia yake. Aliuchukia utumwa kwa dhati, lakini alikubali kwamba mtu aliyekwisha kujipa uhuru kwa miguu yake aulipie tena kwa jasho, ili mabwana wasiudhike.

Mwezi Agosti 1890 aliondoka Mombasa na msafara mwingine. Alipita Machakos, na mwezi Oktoba akafika Dagoretti, ambako alikula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga na kujenga ngome. Alipoondoka, watu wa kampuni waliwapora wenyeji vyakula, udugu ukageuka uadui, na ngome ikateketezwa. Mwezi Agosti 1892 maafisa wa kampuni walimkamata Waiyaki, wakamsafirisha kuelekea pwani, naye akafia njiani Kibwezi. Lugard hakumkamata yeye mwenyewe, lakini kiapo kilikuwa chake.

Alifika Mengo mwezi Desemba 1890, akajenga ngome katika kilima cha Kampala na kumshurutisha Kabaka Mwanga atie saini mkataba. Nchi ilikuwa imegawanyika kati ya Waprotestanti na Wakatoliki. Tarehe 24 Januari 1892 vita vilizuka. Lugard aliwagawia Waprotestanti bunduki, na bunduki yake ya Maxim ikaamua ushindi. Wakatoliki walikimbilia kisiwa cha Bulingugwe pamoja na Kabaka wao. Walipofuatwa huko, wengi walikufa maji. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Baadaye Uingereza ililazimika kuilipa Ufaransa fidia. Lugard alirudi kwao akazunguka miji akihutubu kwamba Uganda isiachwe, akachapisha kitabu mwaka 1893, na mwaka 1894 Uganda ikawa nchi lindwa ya Waingereza.

Utawala wa Nijeria

Baada ya safari za Afrika Magharibi na Kalahari, Lugard aliteuliwa mwaka 1900 kuwa Kamishna Mkuu wa Nijeria ya Kaskazini. Mwaka 1903 majeshi yake yaliteka Kano na Sokoto. Kwa kuwa alikuwa na maafisa wachache na fedha haba, aliwaacha maamiri katika viti vyao na kutawala kupitia kwao. Hapo ndipo ulipokomaa mfumo wa utawala usio wa moja kwa moja. Mfumo huo haukuwa wa upole. Mwaka 1906 wakulima walioasi huko Satiru waliuawa kwa wingi na kijiji chao kikaangamizwa.

Mwaka 1902 alimwoa Flora Shaw, mwandishi wa habari mashuhuri. Kati ya 1907 na 1912 alikuwa Gavana wa Hong Kong, ambako alisaidia kuanzisha chuo kikuu. Alirejea Nijeria, na tarehe 1 Januari 1914 akaziunganisha Kaskazini na Kusini kuwa nchi moja. Alistaafu mwaka 1919. Upande wa kusini-mashariki, ambako jamii nyingi hazikuwa na wafalme, machifu waliobuniwa na serikali walichukiwa mno, na mwaka 1929 maelfu ya wanawake waliwaasi.

Wakamba nao hawakuwa na wafalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee katika baraza la nzama. Walipowekewa wakuu wa vijiji kwa sheria ya mwaka 1902, waliingia katika tatizo lile lile la mamlaka yasiyo na mizizi, ingawa Lugard hakuhusika na sheria hiyo.

Lugard na Lugha za Kiafrika

Mwaka 1922 alichapisha kitabu chake kuhusu wajibu wa pande mbili wa mkoloni, kwa wenyeji na kwa dunia. Toka mwaka huo hadi 1936 alikuwa mjumbe wa tume ya Shirikisho la Mataifa iliyosimamia nchi za udhamini, Tanganyika ikiwemo. Alishiriki pia katika kamati iliyotoa sera ya elimu ya mwaka 1925, ambayo ilisisitiza matumizi ya lugha za wenyeji shuleni. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika ilipoanzishwa London mwaka 1926, aliongoza halmashauri yake. Taasisi hiyo ilihimiza lugha za Kiafrika ziandikwe kwa utaratibu mmoja wa tahajia.

Usanifishaji wa Kiswahili uliendeshwa na watu wengine, kupitia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Lakini hali ya fikra iliyouzunguka ndiyo hiyo hiyo: lugha ya mwenyeji ilithaminiwa kwanza kama chombo cha kumtawalia.

Tamati

Lugard alipewa ubaroni mwaka 1928, akafariki tarehe 11 Aprili 1945 huko Abinger, Uingereza, bila mtoto. Alikuwa jasiri, mchapakazi na mwenye kuamini kwamba alitenda mema. Imani hiyo ndiyo iliyomfanya asiwaulize waliotawaliwa maoni yao. Chombo alichokithamini kwa ajili ya utawala hakikubaki mikononi mwa watawala. Tanganyika, iliyokuwa chini ya usimamizi wa tume yake, ilidai uhuru kwa Kiswahili na kuupata mwaka 1961.